Sandale Zenu Zilifika Kamina

Nyinyi wote mulionipa sandale zenu zilizokatika, muko na haki ya kujua zilienda wapi. Tangu nirudi munaniuliza vipande vipande. Mmoja ananishika sokoni, mwingine ananitumia sauti kwa simu, na Trésor, aliyetoa sandale moja tu ya kushoto, anauliza kuliko wote. Basi nimekaa, ninaandika yote mara moja. Habari ya tiketi na karatasi ninaruka, haina utamu.

Kwa yule asiyetujua: sisi ni kikundi cha wapenzi wa mutuka, yaani gari, wasio na mutuka. Jumapili baada ya misa tunakaa kando ya barabara kubwa ya Kolwezi, hapa Likasi, tunafumba macho, na kamyo, lori la mizigo, ikipita tunataja aina yake kwa mlio tu. Anayekosea ananunua karanga. Kisha tunateremsha zetu, ndogo, za bati na waya, kwenye mteremko, tunaona ipi itafika chini bila kupinduka. Asubuhi ninauza mikate, jioni ninakunja bati. Ndiyo maisha yangu, na sijaona mazuri zaidi.

Kamyo niliyobeba safari hii ilikuwa Mapendo. Mapendo ya kweli ilikuwa ya Papa Kalonji, ndugu ya mama yangu. Kwetu tunamwita manseba. Ni yeye aliyenifundisha kukunja waya kabla sijajua kuandika. Mapendo ilipozeeka iliuzwa kwa watu wa chuma chakavu, ikakatwa, na manseba akahamia Kamina na mke wake, Mama Mbuyi. Siku moja Mama Mbuyi akanipigia simu: "Ngalula, manseba yako anakaa mulangoni na mikono kwa magoti. Hata redio hatengenezi tena. Ile mikono imelala, mutoto yangu." Sikulala vizuri. Nikaamua: nitaijenga Mapendo upya, nimpelekee bila kumwambia, ile mikono iamke.

Foto ilikuwa moja tu. Manseba alijipiga mwenyewe siku ya mwisho, mkono umenyooka mbele, yuko kando ya mlango ulio wazi, kofia yake imeficha jina. Usukani ulionekana kushoto, bomba la moshi kuume. Kichwani mwangu mimi, usukani ulikuwa kuume. Lakini nikajiambia: Ngalula, wakati ule ulikuwa mtoto, hata viatu ulikuwa unavaa kinyume. Foto haina uongo. Nikafuata foto.

Likasi: mzigo wa mikate

Kamyo ilikuwa ndefu kama mkono wangu. Kwenye mfuko ingevunjika vioo, kwa hiyo niliifunga mgongoni na kitenge, kama mtoto, na nyuma, chini ya turubai, nikapakia mikate ya njiani. Treni ilichelewa. Ilichelewa mpaka watu wakazoeana, wakagombana, wakapatana.

Mlinzi wa kituo akaniona nimesimama juani. "Mama, pita mbele na mutoto, jua ni kali."

Nikapita mbele. Ningekataa vipi?

"Simama! Mutoto ya namna gani iko na pareshoki?" Bampa ya mbele ilikuwa imechungulia kwenye kitenge.

"Ni kamyo, mukubwa."

Akanizunguka polepole. "Na umepakia nini? Kobalti?"

"Mikate."

"Bote banasema mikate."

Akafunua turubai kwa kidole kimoja, sawasawa na askari wa barabarani. Mikate ilikuwa imepangwa safu safu, bado ina joto. Nikamwambia aonje mzigo. Akaonja wa mbele. Akaonja na wa nyuma, kuhakikisha. Kisha akapiga saluti, si kwangu mimi, kwa kamyo. "Shofere, safari njema. Usikimbize kwa kona."

Mpaka Tenke: "Mutoto iko na taa!"

Ndani nilibanwa katikati ya watu wawili, na ninamshukuru Mungu kwa wote wawili. Kushoto alikaa Mama Kyungu, muuza samaki anayerudi kwao Bukama na vikapu vitupu. Hereni yake moja ilianguka kwenye msukumano wa kupanda, akabaki na moja sikio la kushoto, na aliitukana ile iliyopotea kama mume aliyekimbia. Kuume alikaa Papa Ilunga, fundi cherehani, amepakata mashine yake ya kushona magotini. Anaipeleka Kamina, hataki iguse chini hata kidogo.

Mama Kyungu aliinua kitenge changu kwa upole, amuone mtoto.

"Mawee! Mutoto iko na taa!"

Vagoni nzima ikageuka. Nikaifungua Mapendo, nikaiweka magotini, na hapo maswali yakaanza.

"Unapelekea mutoto yako?" akauliza Papa Ilunga.

"Sina mutoto, papa."

"Ya ndugu yako mudogo, basi."

"Ni mimi nilitengeneza."

"Aaah! Bongo hiyo!" Na kwetu bongo ni uongo mtupu. "Mwana-muke na kamyo? Bon. Kama ni weye, hizi springi ni nini?"

"Mbavu za mwavuli."

"Na kioo?"

"Chupa ya maji."

"Na pneu?"

Hapo ndipo nilipowataja. Hii ya waridi ni ya Nadège. Hizi mbili nyeusi ni za kaka zake. Hii ya kijani ni ya kushoto ya Trésor, mwenzake hayupo. Mama Kyungu alirudia majina yenu moja moja, kidole kikigusa gurudumu, mpaka akayashika kwa kichwa. Ninyi hamumjui, lakini yeye anawajua kwa miguu.

Tenke tukanunua chikanda, ile nyekundu ya mizizi na karanga, yenye pilipili. Papa Ilunga alikata kipande chake kwa mkasi wa kushonea, akanipa nusu. "Fundi anakula na fundi," akasema. Nikajua nimefaulu.

Tenke mpaka Lubudi: hereni inahama

Mama Kyungu alitaka foto. Akavuta simu yake, akanyoosha mkono, akatukumbatia mimi na kamyo, tukacheka na meno yote. Kisha akaiangalia ile foto. Akaiangalia tena. Akashika sikio lake.

"Kyee! Hereni yangu imehama sikio!"

Kweli. Hereni yake ilikuwa kushoto. Ndani ya foto ilikuwa kuume.

Watu wakacheka. Mmoja akasema ni uchawi, mwingine akasema ni hii simu, ukijipiga mwenyewe inakugeuza kama kioo cha kujitazamia. Mimi pia nilikuwa ninacheka, mpaka nikakumbuka. Manseba alijipiga mwenyewe.

Nikafungua simu yangu, nikaitafuta ile foto yake. Saa. Tangu nimjue, manseba anavaa saa mkono wa kushoto. Ndani ya foto saa iko kuume.

Nikaketi pale na kamyo magotini, na mambo yote yakanirudia. Mapendo ilitoka nchi za kusini, ambako usukani uko kuume. Kwetu tunapita upande wa kuume wa barabara, kwa hiyo manseba alikuwa anakaa pembezoni kabisa, hawezi kuona mbele ya kamyo nyingine akitaka kuipita. Aliyeona ni mimi. Nilikaa kiti cha kushoto, kichwa nje ya dirisha, upepo unanijaza mdomo. Anauliza, "Ngalula, njia iko bure?" Nikiona hakuna kitu mbele, ninapiga kelele, "Iko bure, manseba!" na tunapita. Hiyo ilikuwa kazi yangu. Mtoto mzima niliyekuwa macho ya kamyo nzima, nikakubali foto iniambie kwamba sikukaa pale.

"Kuko nini, mutoto?" akauliza Mama Kyungu. "Umekuwa kama samaki ya jana."

"Nimeijenga kinyume," nikasema. "Yote. Volan, huu usukani, bomba, tanki, yote imegeuka. Ninamupelekea kamyo ya muntu mwingine."

Gereji ya porini

Baada ya Lubudi treni ikapunguza, ikakohoa, ikasimama. Pande zote majani tu. Habari ikapita dirisha kwa dirisha: kichwa cha treni ni mgonjwa, wamekwenda kutafuta kingine. Watu wakashuka kuwasha moto na kuchoma viazi vitamu. Mimi sikushuka. Nilikuwa ninaona ile mikono juu ya magoti, inapokea kamyo ngeni na kusema asante ya adabu.

Papa Ilunga alinitazama, akaitazama mashine yake, kisha akavuta kidroo chake kidogo. Ndani mlikuwa na bisibisi nyembamba, sindano nene na mkasi wa pili. "Treni imelala," akasema. "Tuamushe kamyo. Lakini minye ninakuambia mapema: Congo volan iko kushoto. Sheria ni sheria."

"Za kusini ziko kuume!" akalia mtu wa benchi ya nyuma.

"Kushoto!"

"Kuume! Minye nilipanda ya kuume mpaka Kasumbalesa!"

"Ulipanda juu ya mizigo, ulionea wapi volan?"

Vagoni ikagawanyika kama siku ya mpira. Mama mmoja upande wa kuume akahamia kushoto, mumewe akamkatalia chikanda. Mama Kyungu ndiye aliyesimama.

"Nyamazeni! Kamyo ni ya huyu mutoto. Ngalula, volan iko wapi?"

"Kuume."

"Basi, kuume. Fungua."

Tukafungua. Jamani, sijawahi kufanya kazi namna ile. Papa Ilunga alishika kabini kati ya magoti, mimi nikachomoa usukani, viti na zile pedali za vifuniko vya soda. Tundu jipya tulitoboa kwa sindano nene, tukizungusha kwa zamu. Bati ya kuziba tundu la zamani ilitoka kwenye kopo la dagaa la baba mmoja, aliyekula dagaa wake haraka haraka ili tusimngoje. Ikabaki waya ya kufungia usukani. Waya! Vagoni ikapekuliwa. Ikapatikana moja tu nzuri, ngumu, ilikuwa imefunga kizimba cha kuku.

"Chukueni," akasema mwenye kuku. "Nitamushika kwa mkono."

Hakumshika. Yule kuku alitoka kama amekaa gerezani Buluo maisha yake yote. Akapita juu ya vichwa, juu ya vikapu, akatua kwenye cherehani, na wakati watu wote wako chini ya mabenchi, matako juu, treni ikashtuka na kuondoka. Tulianguka wote pamoja. Mimi nilianguka na kamyo kifuani, na usukani ukiwa kuume.

Viti vilihama, pedali zilihama. Bomba la moshi na tanki havikuhama. Hivyo vimeunganishwa kwa risasi iliyoyeyushwa, vinataka moto na utulivu, na treni haikuwa na kimoja wala kingine. Nikavifunika na turubai, nikaomba Mungu manseba awe ameanza kuona vibaya. Ombi baya, ninajua.

Bukama: kilichokuwa mbele

Bukama simu zikapata mtandao. Mama Kyungu akanisukuma: "Uliza, roho itulie." Kumuuliza manseba nisingeweza, angejua yote. Nikampigia Mama Mbuyi, nikaongea kwa sauti ndogo.

"Mama, Mapendo, volan yake ilikuwa wapi?"

Akafikiri sana. Nilisikia anafikiri.

"Volan? Ilikuwa mbele."

"Mbele wapi, mama?"

"Mbele ya manseba yako! Ngalula, uko vizuri kweli? Unakula?"

Nikacheka mpaka Papa Ilunga akanipigapiga mgongo.

Pale tukala samaki wabichi wa Lualaba waliochomwa, na bukari ya moto, ugali wetu, tukinawa mikono kwenye beseni moja. Mama Kyungu alikuwa amefika kwao. Kabla ya kushuka akafunua turubai, akapanga samaki wakavu pale palipokuwa na mikate. "Kamyo haiendi tupu," akasema. "Ni aibu." Kisha akatoa hereni yake iliyobaki, akaitundika ndani ya kabini, juu ya kioo cha mbele, kama madereva wanavyotundika rozari.

"Mama, hereni yako!"

"Moja ni ya nini? Hapo hata ikihama upande, iko katikati."

Akateremka na vikapu vyake, na kutoka chini akaanza kutaja: "Nadège! Trésor!" Majina yenu, Bukama, kwa sauti ya kuuzia samaki. Watu walitafuta akina Trésor ni nani.

Kamina: vigelegele

Papa Ilunga alinisindikiza mpaka njia panda, cherehani begani, akashika njia yake. "Kama volan ilikuwa kushoto," akasema, "usiniambie. Nimeshona upande ya kuume."

Jua lilikuwa bado juu. Kwa mbali nikaona nyumba, na mlangoni manseba, kiti kile kile nilichosikia habari zake, mikono kwa magoti. Mama Mbuyi alikuwa anawasha mbabula ya makaa uani. Aliinua kichwa, akaniona, akaona kitenge mgongoni kimevimba.

"Ngalula amezaa!"

Sikupata hata nafasi ya kufungua mdomo. Vigelegele vikatoka, vikaruka ukuta. Majirani wakaingia, mmoja ana bakuli, mmoja ana nguo za mtoto mkononi, sijui alizitoa wapi haraka vile. "Ni mwana-muke ao mwana-ume?" "Anafanana na nani?" Na manseba akasimama. Alisimama polepole, macho yamejaa maji, akanyoosha ile mikono miwili mbele yake, viganja juu.

"Umezaa na haukusema na minye. Leta. Leta nimuone."

Ningefanya nini? Nikafungua kitenge, nikamwekea Mapendo mikononi.

Mwenye nguo za mtoto akazificha nyuma. Manseba aliitazama kamyo bila kupepesa. Alisoma jina juu ya kioo kwa midomo, bila sauti. Kidole chake kinene kikafungua mlango wa kuume, kikaingia, kikazungusha usukani, na magurudumu ya mbele, sandale zenu, yakageuka.

"Kuume," akasema, taratibu. "Njo fasi yake, ndipo mahali pake."

Kisha akaigeuza. Nikaona uso wake unabadilika. Akaondoa turubai, samaki wakaanguka.

"Nani aliweka bomba ya moshi huku?"

"Manseba, ile foto..."

"Huku ni upande yangu! Nikipanda ninashika fasi gani? Ninashika moto? Bomba ilikuwa kule, kushoto!"

"Kule nilikuwa ninapanda mimi, manseba."

"Weye haukupanda hata siku moja! Weye nilikuwa ninakubeba!" Alikuwa anapiga kelele kweli. "Na tanki! Angalia tanki! Hapana. Hapana, hapana. Hii haitalala hivi kwa nyumba yangu. Mbuyi! Koleo yangu iko wapi?"

Mama Mbuyi alibaki na pepeo mkononi, mdomo wazi. Kisha akakimbia ndani. Hakutafuta. Alirudi hapo hapo na koleo imefungwa ndani ya kitambaa, imepakwa mafuta, haina hata doa moja la kutu. Mwanamke aliyejua usukani uko mbele, alijua na koleo iko wapi.

Manseba akakaa chini, si kwenye kiti, chini kabisa, miguu ameitandaza kama mtoto. Mbabula iliyowashwa kwa ajili ya bukari ikachukuliwa kuyeyushia risasi. Tulikula tukiwa tumechoka kungoja, na samaki wa Mama Kyungu walishika ladha ya moshi wa rangi ya bati iliyoungua, na sijala chakula kitamu kama kile. Hereni aliigusa, akauliza ni ya nini. Nikamsimulia. Akaiacha pale pale, katikati.

Kurudi, na neno kwa Trésor

Nilirudi bila mzigo. Njia nzima mgongo wangu ulikuwa mwepesi, mpaka mara mbili nikashtuka na kupapasa nyuma kama mama aliyesahau mtoto sokoni. Manseba alikataa kuiachia Mapendo, hata nije niwaonyeshe tu. Alisema haijaisha.

Juma hili amenitumia video. Bomba liko kushoto, tanki limehama, mlango wa kuume sasa una ngazi ambayo mimi sikuikumbuka. Mkono wake unaonekana pembeni, una rangi ya chungwa mpaka kwenye saa. Na ndani ya kabini, kiti cha kushoto, ameweka mtoto wa waya. Msichana, nywele za uzi, kichwa chote nje ya dirisha, mdomo wazi. Sauti ya manseba inauliza kutoka nyuma ya simu, "Ngalula, njia iko bure?"

Nimemjibu iko bure.

Lakini akaongeza jambo. Anasema kamyo kama ile ni aibu kutembea bila trela, na trela ameshaianza, imesimama juu ya matofali, haina miguu. Kwa hiyo, marafiki, musitupe kitu. Na weye Trésor, ile ya kuume, Jumapili uje nayo.